Bach alimtafsiri Vivaldi

Juzi baada ya ibada, watu wakiwa wameshatawanyika, nilikaa kwenye kinanda chetu cha umeme nikafungua nota za Konserto ya D maina ya mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach, namba BWV 596 katika orodha ya kazi zake. Sikufika mbali. Mwanzo wake ni sauti mbili zinazofukuzana, ya pili ikidaka maneno ya ile ya kwanza, zote juu ya vibonye vilevile. Kinanda chetu kina safu moja tu ya vibonye, kwa hiyo vidole vya kulia na vya kushoto vikawa vinagombania D moja.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi aliyoifanya Bach. Muziki huu asili yake ni wa Antonio Vivaldi wa Venice, aliouandikia fidla mbili, cello na kundi la ala za nyuzi, ukachapwa Amsterdam mwaka 1711. Fidla mbili hupiga nota ileile bila kusumbuana. Bach akazipa kila moja safu yake kwenye kinanda cha mabomba, ugomvi ukaisha. Kulikuwa na kikwazo kingine: fidla inapanda hadi D ya juu, na vinanda vingi vya zama zile viliishia C. Akaagiza mabomba ya futi 4, ambayo hulia oktava moja (ngazi nane za nota) juu ya kibonye unachobonyeza, kisha nota akaziandika oktava moja chini. Sikio halikosi kitu. Na huyu ni mtu ambaye kwa kawaida hakuandika mabomba gani yafunguliwe! Hapa ameandika, na mbele kidogo anaita besi ya futi 32, ile unayoisikia kifuani kabla ya masikioni.

Wapo wapenzi wa kinanda wanaoziita konserto kama hii, ambazo Bach alizihamishia kwenye kinanda kutoka kwa watunzi wengine, mazoezi, nakala ya jasho la mtu mwingine. Nawapinga kwa moyo wote. Ni tafsiri. Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare kwenye Kiswahili mwaka 1969, yule mfanyabiashara wa Venice akawa Mabepari wa Venisi, na neno hilo moja likabeba fikra za wakati wake na za nchi yake. Nani atasema Mwalimu alinakili? Bach naye alitoa muziki kwenye upinde na nyuzi akautia kwenye upepo na miguu, na kila mstari ulimdai uamuzi.

Konserto hizo za kinanda ziko tano, alizozifanya akiwa Weimar, Ujerumani. Tatu ni za Vivaldi. Mbili ni za mwanamfalme Johann Ernst wa hapohapo Weimar, kijana aliyerudi kutoka masomoni Utrecht, Uholanzi, mwaka 1713 na kufariki miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 18 tu. Konserto yake ya G ina furaha ya asubuhi, na inaniuma kila ninapoona imetangazwa kwa jina la Bach peke yake.

Maana majina hupotea kirahisi. Hii ya D maina, mwanawe Bach, Wilhelm Friedemann, aliandika juu ya karatasi kwamba ni yake yeye, imenakiliwa kwa mkono wa baba. Wakamwamini. Mwaka 1844 ikachapwa kwa jina lake, na hadi 1911 ndipo ilipobainishwa kuwa ni ya Vivaldi. Kwa hiyo nawaomba wapiga kinanda wenzangu: mkiandika ratiba ya muziki, wekeni majina yote mawili, la mtunzi na la mfasiri, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Ule mwanzo nimeuweka kando mpaka nipate kinanda chenye safu mbili. Jumapili nitapiga sehemu ya polepole, ambayo wimbo wake uko mkono wa kulia na kushoto ni kodi tu, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazotembea taratibu. Hiyo hata kinanda chetu kinaiweza.