Mjomba, usukani na mkanda wangu

Wadau, mzee aliyewahi kuwa nahodha usimpeleke kuangalia meli ya watu kama huna moyo. Mjomba wangu kaendesha majahazi tangu ujanani, Mkokotoni, Tanga, Lamu, leo boriti kesho nazi, sasa alipokuja kututembelea London baada ya Ramadhani nikaona nimpeleke Greenwich akaone Cutty Sark, ile meli ya matanga iliyokuwa inabeba chai kutoka China, nikijua atazunguka kidogo tupige picha turudi tukale.

Pale omo, mbele kabisa ya meli, kuna sanamu ya mwanamke kavaa kishati tu, mkononi kashika mkia wa farasi. Mjomba akageuza uso, "Astaghfirullah, hawa walikuwa wanatafuta upepo gani?"

Tukapanda juu. Nikamwambia imeshushwa majini Novemba 1869, siku tano tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa, yaani mastima, zile meli za mvuke, yamepata njia ya mkato na hii bado inazungukia kule chini Afrika Kusini kufuata pepo. Akacheka, "Tajiri kaliwa!"

Balaa likaanza nilipofika 1872. Nahodha George Moodie katoka Shanghai na chai yake, anashindana na meli inaitwa Thermopylae, yeye yuko mbele kwa mamia ya maili, mara Bahari ya Hindi ikachafuka usukani ukang'oka ukaenda zake.

"Bahari ya Hindi hii yetu?"

Hiyo hiyo mjomba. Na humo melini yumo Robert Willis, ndugu yake tajiri mwenye meli, anapiga kelele waingie bandarini Afrika Kusini wakatengeneze, Moodie kakataa katakata, akaunda usukani mwingine palepale juu ya sitaha kwa milingoti ya akiba, meli inapigwa na mawimbi, na waliomfaa ni wazamiaji wawili, wale wanaojificha melini wasafiri bure, mmoja seremala mwingine mhunzi. Mjomba akajipiga paja, "Wazamiaji! Na mimi niliwahi kuwashusha wangapi!"

Kimya kidogo, halafu akauliza waliufungaje kule tezi. Mjomba mimi kazi yangu kompyuta. "Hebu njoo."

Akanisimamisha nyuma ya meli, akanibebesha begi langu kwa mikono miwili, ati begi ndo usukani, akaanza kueleza kwa sauti ile ya kushindana na upepo. Kumbuka kavaa kanzu na kofia, ndevu nyeupe pee, watalii wakajua ni mwigizaji wa pale pale, wakajaa. Mtoto mmoja akaniuliza huyu ndo captain, nikamwambia ndiyo, si uongo.

Sasa ikahitajika kamba. Kamba hakuna. Mjomba bila kuniangalia akanyoosha mkono akachomoa mkanda wangu, na mimi mwezi mzima nimefunga, suruali ilikuwa inaning'inia kwa mkanda tu, na mikono yote imeshika usukani. Ikashuka mpaka kwenye viatu. Nikabaki na shati, nafanana na yule bibi wa omo, bado mkia wa farasi tu.

Watu wakapiga makofi jamani. Nikataka kuinama, mjomba akafoka, "Usiachie usukani!" Mjomba, suruali! "Mtoto wa Moodie alikuwa anavuta mivukuto, jiko la makaa likampindukia akaungua, wewe unalilia suruali?" Na hilo la mtoto nilimsomea mwenyewe kwenye simu dakika tano nyuma!

Mtalii mmoja akamtilia pauni 5, akapokea. Mjomba akauliza nani alishinda. Thermopylae, wiki nzima mbele. Na Moodie? Aliacha ile meli. "Hata mimi ningeacha, ndugu wa tajiri hakai chombo kimoja na nahodha," na hilo akalirudia kwenye treni abiria wote wanamsikia na hakuna anayeelewa, mimi nimesimama mkono mmoja nimeshika chuma mwingine suruali, mkanda kauviringisha kautia mfukoni mwa kanzu, sasa nahodha utamuulizaje?