Soksi kwanza, mpira baadaye

Nimesoma hii habari ya urafiki wa Kareem Abdul-Jabbar, yule mcheza basketi wa Marekani, na kocha wake John Wooden kwenye daladala natoka Majengo, nikapitiliza kituo bana. Wengi wataongelea makombe, kweli jamaa walibeba matatu mfululizo pale chuo kikuu cha UCLA, 1967 hadi 1969, sawa, ila mi kilichonigusa ni soksi. Mzee Wooden siku ya kwanza ya mazoezi anawakalisha vijana anawafundisha kuvaa soksi na kufunga kamba za viatu wasije wakapata malengelenge!

Mi nimecheza basketi hapa Dodoma kwenye uwanja wa sementi iliyopasuka, upepo wa mwezi wa nane unakujaza vumbi mpaka kwenye meno, na mwalimu wetu alikuwa hivyohivyo, kabla hamjagusa mpira anainama anakagua kamba mmoja mmoja, umefunga hovyo unafungua unaanza upya. Tulikuwa tunamcheka chinichini. Leo ana miaka sabini na kitu, magoti yamegoma, nikimpelekea zabibu msimu ukifika anatazama kwanza miguu yangu ndo aitikie shikamoo.

Wooden alifariki 2010 akiwa na miaka 99, yaani urafiki tangu 1965 kijana alipoingia chuo, huyu Muislamu wa New York, yule Mkristo aliyekulia shambani Indiana. Mwandishi ungetupa zaidi hiyo miaka ya baada ya uwanja, mechi tunazijua. Jumamosi napita kwa mwalimu, ntamsomea hapo penye soksi.