Ritifaa Imekosa Nini?

Mtu anayeitwa Ng'ang'a akijaza fomu mtandaoni, mara nyingi hukutana na mojawapo ya mikasa mitatu. Anaandika Ng, anagusa ritifaa (alama ya '), na kibodi inakuwa kama imekufa: alama haitokei. Au inatokea, lakini akibonyeza kutuma anaambiwa kwa maandishi mekundu kwamba jina lake lina herufi zisizoruhusiwa. Au fomu inapokea bila neno, kisha anatumiwa barua pepe inayomwita Ng\'ang\'a. Wenzake ni wengi: kina Nyong'o, Kang'ata na Ng'eno, pamoja na kila anayejaza anwani ya Chang'ombe, Lang'ata, Murang'a au Ng'ambo ya Unguja.

Hofu ya mafundi wanaoweka vizuizi hivyo ina msingi. Kanzidata nyingi, yaani hifadhi za taarifa za mifumo, huendeshwa kwa lugha ya SQL, na katika SQL maandishi hufungwa kati ya ritifaa mbili. Fundi akiyaunganisha aliyoandika mtumiaji moja kwa moja na amri ya SQL, ritifaa ya kwanza ya Ng'ang'a inayafunga maandishi kabla ya wakati, na yanayobaki yanasomwa kana kwamba ni sehemu ya amri. Kwa Ng'ang'a mfumo utagoma tu. Kwa mwenye nia mbaya huo ni mlango: anaandika ritifaa, halafu anaendelea na amri zake. Mwaka 2015 kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza, TalkTalk, ilidukuliwa kwa njia hiyo. Taarifa za wateja karibu 157,000 zikachukuliwa, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Fundi aliyesoma habari kama hiyo akiipiga marufuku ritifaa, huwezi kumwita mjinga.

Ila mwizi hatazuiwa hivyo. Kizuizi cha kwenye fomu hufanya kazi ndani ya kivinjari (kama Chrome) cha anayejaza, na mwizi hahitaji kivinjari. Anaituma amri yake moja kwa moja kwenye seva, kompyuta inayopokea fomu. Hata ukaguzi ukihamishiwa kwenye seva, ziko mbinu za kupenyeza amri ambazo hazitumii ritifaa kabisa, hasa pale mfumo unapotarajia namba. Dawa yenyewe imejulikana kwa miaka mingi: amri inatumwa peke yake na maandishi ya mtumiaji yanatumwa peke yake, na kanzidata haivichanganyi. Mfumo uliojengwa hivyo hauna cha kuogopa katika jina la mtu. Ndiyo maana nikiona fomu inayokataa ritifaa, kinachonitia wasiwasi ni hali ya huko ndani. Shaka hiyo hiyo ninayo kwa fomu za neno la siri zinazosema usiweke nafasi wala alama fulani. Neno la siri lililohifadhiwa inavyotakiwa hugeuzwa kuwa mfuatano usiosomeka wenye urefu uleule, mtu aandike atakalo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, imekuwa ikishauri tangu 2017 kwamba herufi zote zinazochapika zipokewe, nafasi ikiwamo.

Hoja nzito ya wanaotaka vizuizi iko kwingine, na wao wenyewe huitaja mara chache: ulinganishaji. Ng'ang'a anaweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta, kwa ile iliyopinda ambayo iPhone huiweka yenyewe tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, kwa alama ya ` inayokaa juu kushoto mwa kibodi, au bila alama yoyote. Jicho linasoma jina moja, kompyuta inasoma manne. Benki ikilinganisha jina la akaunti na la kitambulisho, malipo yanakwama. Hospitali ikimtafuta mgonjwa isimpate, inamfungulia faili jingine, na historia yake ya matibabu inabaki kwenye lile la kwanza. Anayesema tuandike A hadi Z tu anaiona gharama hiyo, na ni gharama ya kweli. Iko hata kwenye SMS. Ujumbe wa herufi za msingi za GSM, mfumo wa simu za mkononi, hubeba herufi 160; ritifaa iliyopinda haimo katika orodha hiyo, na ikiingia moja tu, ujumbe mzima unashuka hadi herufi 70. Kampuni inayotuma ujumbe wa herufi 100 kwa wateja laki moja italipia SMS laki mbili, kwa alama ambayo mwandishi wake hata hakujua kwamba ameiweka.

Njia ya kuridhisha pande zote mbili imo katika pasipoti. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinaruhusu humo A hadi Z, tarakimu, na alama ya < ya kujazia nafasi. Ritifaa huondolewa, Ng'ang'a anasomeka NGANGA. Lakini juu ya mistari hiyo, katika sehemu ya kusomwa na watu, jina linaweza kubaki na alama zake. Mfumo wowote wa benki au wa shule unaweza kuiga hilo: uhifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, na kando yake uweke nakala iliyopunguzwa ya kutafutia na kulinganishia. Fundi atalalamika kwamba ni kazi ya ziada. Ni kweli, ila ataifanya mara moja, na mwenye jina lililokatwa atalieleza kila dirisha atakalofika.

Kisingizio cha mfumo wa zamani nacho kimekwisha kufika mahakamani. Nchini Ubelgiji mteja aliitaka benki iandike jina lake pamoja na alama zake za juu ya herufi, kama zile za Désiré na Espérance ambazo kina Désiré na Espérance wa Goma na Bukavu wamezoea kuziona zikipotea. Benki ikajibu kwamba kompyuta zake, za tangu miaka ya tisini, haziziwezi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilimpa mteja haki, kwa kuwa sheria ya Ulaya ya kulinda data inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake. Hukumu hiyo haimfungi mtu Nairobi, lakini Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 nayo inatoa haki ya kusahihishiwa.

Visanduku vingine vinastahili uzio. Jina la mtumiaji au la kikoa (anwani ya tovuti) limebuniwa kwa ajili ya mfumo, na kazi yake ni kumtofautisha mmoja na mwingine. Uhuru ukizidi hapo anayenufaika ni tapeli. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili kikoa kwa herufi za alfabeti ya Kisiriliki, ile inayoandikia Kirusi, na kwenye Chrome na Firefox kikasomeka apple.com. Jina la kuzaliwa limekuja na mwenyewe, na mfumo umelikuta.

Namba ya simu nayo ni tarakimu, hakuna ubishi, lakini hata uzio halali hujengwa vibaya. Mtu ananakili namba iliyohifadhiwa kwenye simu yake, ikiwa na +255 mbele na nafasi katikati, anaibandika kwenye kisanduku cha herufi kumi, na mwisho wake unakatwa kimyakimya. Kisha anakaa kusubiri ujumbe wa uthibitisho usiofika. (Na anayetegemea kisanduku cha aina ya namba cha HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, ajue kwamba hupokea herufi e, maana 1e3 katika hesabu ni elfu moja.) Kuondoa nafasi na kugeuza +255 kuwa 0 ni kazi ndogo kwa programu. Ikibidi kukataa, mtu aachwe amalize kuandika, kisha aambiwe ni alama ipi imekataliwa. “Herufi zisizoruhusiwa” haimwelezi mwenye iPhone kwamba ubaya uko kwenye kupinda kwa ritifaa yake. Atafuta jina lote, aliandike upya kwa kibodi ileile, na kupata jibu lilelile.