Babs Fafunwa na Darasa la Kiyoruba: Kilithibitishwa Nini Hasa?

Watetezi wa lugha za Kiafrika darasani hulivaa jina la Profesa Babs Fafunwa, msomi wa elimu wa Nigeria, kama hirizi. Wana haki, ila wengi husimulia nusu ya jaribio lake.

Mwaka 1970 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ife walianza na watoto wa darasa la kwanza katika shule ya St. Stephen's, Modakeke, mjini Ile-Ife, Nigeria. Darasa la majaribio lilisoma hisabati, sayansi na maarifa ya jamii kwa Kiyoruba miaka yote sita. Darasa la kulinganishia lilifuata desturi: Kiyoruba miaka mitatu, kisha Kiingereza. Wale wa Kiyoruba hawakubaki nyuma, hata kwenye Kiingereza chenyewe.

Kinachorukwa ni hiki: Kiingereza hakikufukuzwa. Kilikuwa somo, tena likishikwa na mwalimu aliyebobea katika hilo tu. Vitabu viliandikwa upya, istilahi za Kiyoruba zikaundwa, walimu wakanolewa, na Ford Foundation, taasisi ya ufadhili ya Marekani, ikatoa fedha. Basi mkosoaji akiuliza kama watoto walibebwa na lugha au na vitabu vipya na mwalimu mahiri, hajakosea. Tena Ile-Ife ni mji wa Wayoruba. Nigeria ina lugha zaidi ya 500. Katika miji ya lugha nyingi kama Lagos au Jos, mwalimu achague ipi? Tanzania, iliyoingiza Kiswahili shule za msingi mwaka 1967, haikubeba mzigo huo.

Fafunwa alipata uwaziri wa elimu mwaka 1990, kwa uteuzi wa serikali ya kijeshi ya Babangida, si kwa kura. Sera ya elimu ya Nigeria ya 1977 ilikuwa tayari imeelekeza lugha ya mama itumike madarasa ya mwanzo. Amri haikukosekana, kilichokosekana ni kile Modakeke ilichokuwa nacho: kitabu mkononi mwa mtoto na mwalimu aliyeandaliwa. Miaka miwili ya uwaziri haikuziba pengo hilo.

Mwaka 2022 serikali ya Nigeria ilipitisha lugha ya mama itumike kufundishia miaka sita ya msingi. Novemba 2025 ikaifuta, Waziri Tunji Alausa akitaja kufeli kwenye mitihani ya taifa, ikiwemo ya WAEC, baraza la Afrika Magharibi linalotahini wanaomaliza sekondari. Hoja ya gharama ningeielewa. Hii ya mitihani haisimami: anayefanya WAEC mwaka 2025 aliingia darasa la kwanza mnamo 2013, na sera ilipopitishwa alikuwa ameshavuka shule ya msingi.