Harriet Tubman hakuyasema maneno hayo

Kuna maneno yanayozunguka kila mara kwenye status na kwenye mahubiri, yakiwa na picha ya Harriet Tubman juu yake, yule mwanamke wa Marekani aliyetoroka utumwani kisha akarudi kuwatoa wenzake. Yanadai kwamba aliwakomboa watumwa elfu moja, na kwamba angewakomboa elfu nyingine laiti wangejua kuwa wao ni watumwa. Watu wanayapenda mno. Mhubiri anayatumia kuwasuta waumini, na anayefundisha ujasiriamali anayatumia kuwaambia vijana wasio na kazi kwamba shida yao iko kichwani mwao.

Harriet hakuyasema. Watafiti waliopekua barua, rekodi za mahakama na masimulizi yake mwenyewe hawajayakuta popote. Kwangu mimi si uzushi tu, ni tusi, tena limewekwa kinywani mwa mama wa watu ili liwaangukie ndugu zake mwenyewe. Sisi wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuyatilia shaka.

Aliowatoa kwa mkono wake ni watu wapatao 70, katika safari kama 13 alizozifanya kati ya 1850 na 1860. Hiyo elfu moja haipo, wala mia tatu ile inayotajwa kwenye vitabu vingi vya zamani. Wala simwoni amepungua kwa hesabu hiyo. Wengi kati ya hao 70 walikuwa damu yake na majirani zake, watu aliowajua kwa majina, na kwa kila safari alirudi kule kule ambako angekamatwa.

Alizaliwa mwaka 1822 hivi katika wilaya ya Dorchester, jimbo la Maryland, akaitwa Araminta, kwa mkato Minty. Dada zake watatu waliuzwa majimbo ya kusini. Alipokuwa bado msichana, nyapara mmoja alirusha jiwe la mizani la ratili mbili ndani ya duka, akimlenga mtumwa mwingine aliyekuwa akikimbia. Likampata Minty kichwani. Tangu siku hiyo mpaka uzeeni alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafla, pengine katikati ya mazungumzo. Mtu wa namna hiyo, aliyekulia katika nyumba ambayo mama analia mabinti waliouzwa, alihitaji nani amfumbue macho kwamba ni mtumwa?

Mwaka 1849 bwana wao, Edward Brodess, alifariki. Kila mtumwa alijua maana yake: kuna madeni, kwa hiyo kuna mnada. Septemba mwaka huo Harriet alitoroka pamoja na wadogo zake wawili, Ben na Henry. Mjane wa Brodess akatoa tangazo gazetini, dola 100 kwa kila mmoja atakayekamatwa nje ya jimbo. Njiani wale wadogo zake waliingiwa na hofu, wakarudi, na Harriet akarudi nao. Muda si mrefu akaondoka tena, safari hii peke yake, akatembea usiku kwa usiku mpaka Pennsylvania, jimbo lisilo na utumwa.

Hapo ndipo yale maneno ya uongo yangetaka tuwaone Ben na Henry kama watu waliolala. Dada yao hakuwaona hivyo. Alisimulia baadaye kwamba alipofika kwenye nchi ya uhuru hakukuwa na mtu wa kumkaribisha, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa kule kule Maryland, kwa wazee wake na ndugu zake. Akaanza kufanya kazi za kupika na kufua Philadelphia ili apate nauli ya kuwarudia.

Mwisho wa 1850 mpwa wake Kessiah alipandishwa mnadani mbele ya mahakama ya mji wa Cambridge, Maryland, pamoja na watoto wake wawili. Mnunuzi alipatikana, dalali akaenda kula. Aliporudi kudai fedha, hakuona mnunuzi wala mali. Aliyetaja bei ya juu alikuwa John Bowley, mume wa Kessiah, mtu huru, na alikuwa amekwisha wapitisha mkewe na watoto mpaka kwenye nyumba ya jirani. Usiku wakapanda mashua kuelekea Baltimore, ambako Harriet alikuwa akiwasubiri. Yeye ndiye anayesifiwa, na anastahili, lakini mpango ule ulisimama juu ya watu waliobaki Dorchester, watu waliojua saa ya dalali kula.

Krismasi ya 1854 ndiyo ninayoirudia mara kwa mara. Habari zilimfikia kwamba wadogo zake wale wawili na kaka yao Robert watauzwa siku moja baada ya sikukuu. Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Akaandikiwa barua kwenda kwa Jacob Jackson, mtu mweusi huru aliyejua kusoma, ikiwa na salamu za kifamilia na agizo kwamba kaka zake wakeshe katika sala, na jahazi jema la Sayuni litakapopita wawe tayari kupanda. Wazungu waliifungua, wakaisoma, wasiambulie kitu. Jackson naye akasema haelewi, haiwezi kuwa yake. Kisha akaenda haraka kuwapa habari wahusika.

Robert alichelewa. Mke wake, Mary, alikuwa katika uchungu wa kujifungua, naye Robert alijua kwamba akibaki atauzwa, na akienda atamwacha na kichanga. Akaenda. Aliwakuta wenzake karibu na nyumba ya wazazi wao, Poplar Neck, wamejificha kwenye kibanda cha kuhifadhia malisho. Mama yao, Rit, hawakumwambia, maana angeshindwa kuzuia kilio. Alikuwa amepika chakula cha sikukuu na kutwa nzima alikuwa akitoka mlangoni kuangalia kama wanawe wanakuja, nao wanamtazama kupitia nyufa za mbao, wasithubutu kumwita. Baba yao, mzee Ben, aliambiwa. Akawaletea chakula, na walipoondoka usiku akajifunga kitambaa machoni, akawasindikiza akiwa ameshikwa mikono huku na huku, ili atakapoulizwa aweze kuapa kwamba hajawaona watoto wake. Mzee huyo alikuwa huru tayari na alibaki pale pale mpaka 1857, Harriet alipokuja kumchukua yeye na Rit.

Halafu yupo Rachel, mdogo wake. Kwa miaka Harriet alijaribu kumtoa na Rachel akakataa kuondoka bila watoto wake wawili, waliokuwa wamewekwa mbali naye. Mabwana walijua vizuri kwamba mama aliyetenganishwa na wanawe hakimbii, na kamba ya aina hiyo haihitaji pingu. Mwaka 1860 Harriet alirudi tena na kukuta Rachel amekwisha fariki. Ili kuwapata watoto zilihitajika dola 30 za kuhonga, naye hakuwa nazo. Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho, na watoto wale walibaki. Ukiniuliza nini kiliwazuia, nitakuambia dola 30, na sitakubali mtu aniambie ni kukosa mwamko.

Miaka mitatu baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya serikali ya muungano na majimbo ya kusini yaliyoasi, vilikuwa vimepamba moto, na Harriet alikuwa South Carolina, akilifanyia jeshi la serikali ya muungano kazi ya uuguzi na upelelezi. Usiku wa kuamkia 2 Juni 1863 aliongozana na Kanali James Montgomery na askari weusi kuupanda mto Combahee kwa meli za kivita. Taarifa za mahali maadui walipotega mabomu mtoni zilitoka kwa watumwa wenyewe. Meli zilipopiga honi alfajiri, watu waliokuwa kwenye mashamba ya mpunga walitupa majembe wakakimbilia mtoni. Harriet alimwona mwanamke mmoja amebeba chungu kichwani, wali ukifuka moshi kana kwamba umeepuliwa motoni dakika hiyo, mtoto amemng'ang'ania shingoni, mwingine ameshika gauni. Mwingine alileta nguruwe wawili, mweupe na mweusi. Mweupe wakampa jina la Beauregard, jenerali wa waasi, na mweusi la Jeff Davis, rais wao.

Zaidi ya watu 700 walitoka siku ile. Hawakuhubiriwa kwanza. Palikuwa na meli na bunduki za kuwalinda, na watoto wao walikuwa karibu, basi. Na wanaume zaidi ya 100 kati yao, mara tu waliposhuka upande wa pili, walijiandikisha jeshini kurudi kupigana.