Vumbi la tanuri: turejeshe zinki au tuifunge sumu?

Wanaotetea kurejesha madini yaliyomo kwenye vumbi la viwanda wana hoja nzito. Mabati chakavu yakiyeyushwa katika tanuri la umeme, ile zinki iliyoyapaka hugeuka mvuke, kisha hunaswa kwenye vichujio pamoja na risasi na kadimi, metali zenye sumu. Kila tani ya chuma huacha kama kilo 15 hadi 20 za vumbi, na mara nyingi zinki hufika moja ya tano yake. Kuizika ni kuzika pesa. Vumbi hilo huchanganywa na makaa na kuzungushwa kwenye tanuri refu lenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Zinki, ambayo huchemka kwa nyuzi 907, hupanda na kukusanywa.

Sasa mwelezee hayo mkazi wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, Kenya. Kiwanda kilichofungwa hapo mwaka 2014 nacho kilikuwa cha kurejesha: kiliyeyusha betri kuukuu kupata risasi, kikipakana na nyumba za watu, na risasi hiyo ikaonekana kwenye damu ya watoto. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamriwa 2020, ikafutwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Wapo basi wasemao tuchanganye vumbi na saruji, tumalize. Si rahisi hivyo. Chokaa iliyomo kwenye saruji ikizidi, risasi huanza kuyeyuka upya majini. Fosfati, yaani chumvi za fosforasi, huishika vizuri zaidi. Tena zinki ikishagandishwa ndani ya saruji, kuitoa hakulipi, na mzigo wa kulinda umeongezeka uzito.

Mimi naona vumbi lenye zinki nyingi lisiguswe na saruji. Litiwe magunia yasiyovuja, lisafirishwe kupitia bandari ya Kilindini hadi kwenye matanuri makubwa ya nje, kwa idhini ya maandishi ya nchi inayolipokea, kama unavyotaka Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu kusafirisha taka hatari. Tanuri kama hilo hula maelfu ya tani. Likijengwa hapa litakosa chakula, na tanuri lenye njaa hupunguza gharama kwa kuanzia kwenye vichujio. Saruji na fosfati tuzibakizie vumbi maskini, lenye zinki kidogo.

Ghala la kungojea meli nalo liwe na paa, sakafu ya zege na mizani mlangoni. Uzito ulioingia usipolingana na uliotoka, mkaguzi atajua aanzie wapi kuuliza.