Wajumbe wa Marekani: nani huwaandika, na kwetu je?

Ukimpigia kura mgombea urais huku Marekani, kisheria umechagua wajumbe walioorodheshwa kwa ajili yake, ambao ndio baadaye humpigia rais kura rasmi, na mara nyingi majina yao hata hayamo kwenye karatasi ya kura. Wajumbe wote ni 538. Mshindi anahitaji 270. Nyumbani tunabishania hizo hesabu usiku wa matokeo. Swali zito liko miezi nyuma: nani aliwaandika?

Katiba imeliachia kila jimbo utaratibu wake. Minnesota, vyama vikubwa huwateua kwenye mkutano wa chama, pamoja na wajumbe wa akiba. Pennsylvania hawana habari na mkutano: mgombea urais mwenyewe hutaja wajumbe wake ndani ya siku 30 baada ya kuteuliwa. Florida anayeteua ni gavana, hata wajumbe wa chama kinachompinga, ila haruhusiwi kutoka nje ya majina yaliyopendekezwa na kamati tendaji ya chama husika.

Kosa la kizembe ni kutokagua sifa. Mbunge, seneta na mwenye wadhifa katika serikali ya shirikisho hawaruhusiwi. Mwaka 1876 chama cha Republican jimboni Oregon kilimweka mkuu wa posta. Gavana, wa chama pinzani, akaidhinisha mtu wa chama chake badala yake, na mzozo ukaishia mbele ya tume maalumu. Hayes, mgombea wa Republican, alipita kwa kura za wajumbe 185 dhidi ya 184, kwa hiyo jina hilo moja lingeweza kuuondoa urais mikononi mwake.

Kwetu Tanzania husema wajumbe si watu wazuri, maana hukuahidi kura ndani ya chama kisha wakakugeuka. Huku nako wapo: mwaka 2016 wanne kati ya 12 wa jimbo la Washington walimkimbia mgombea wa chama chao, Hillary Clinton, kila mmoja akatozwa dola 1,000. Minnesota ni wakali zaidi. Aliyekwenda kinyume mwaka huohuo alihesabiwa amejiuzulu, akakaa wa akiba. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema majimbo yana haki ya kuwabana hivyo.

Kwetu mgombea hutafuta wadhamini 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, miwili ikiwa ya Zanzibar. Fomu ikirudishwa, kazi yao imekwisha. Baada ya hapo hakuna mtu kati ya mpiga kura na rais. Hapo tumewazidi Wamarekani, na sioni haya kusema. Lakini wao jina likikosewa wanakwenda mahakamani. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa, ilhali jirani zetu Kenya walifuta wa kwao mwaka 2017 na kuurudia.